Dondoo muhimu: Pasipoti kwanza, tiketi baadaye

Mfanyabiashara wa Kariakoo unayejiandaa kufuata mzigo Guangzhou au Dubai, zingatia haya:

1. Linganisha majina herufi kwa herufi. "Mohamedi" kwenye kitambulisho cha NIDA na "Mohamed" kwenye cheti cha kuzaliwa hukwamisha ombi zima la pasipoti. Hapa ndipo wengi hunasa, basi rekebisha mapema.

2. Jaza fomu kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji. Ukijaziwa steshenari, keti kando ya anayechapa, soma kila mstari kabla hajatuma, na hakikisha namba ya simu iliyoandikwa ni yako, si yake.

3. Lipa kwa kontro namba tu, benki au kwa simu. Pasipoti ya kielektroniki ilipozinduliwa mwaka 2018, ada ilikuwa Sh150,000. Anayekuomba "ya kuharakisha" mkononi ni kishoka, mkimbie.

4. Beba vyeti halisi pamoja na nakala.

5. Nenda mwenyewe ofisi ya Uhamiaji. Vidole vyako ndivyo vinavyochukuliwa alama.

6. Usingoje pasipoti iishe. Nchi nyingi hutaka iwe na walau miezi 6 mbele, na mzigo wa sikukuu haukusubiri.

7. Ukikabidhiwa pasipoti, kagua jina na tarehe ya kuzaliwa kabla hujaondoka dirishani.