Skuta kubwa au pikipiki ya gia: mtaji ukae wapi?

Mfanyabiashara mdogo anayeingia katika maduka ya pikipiki ya Dar es Salaam akiwa na fedha mkononi hukutana na majaribu mawili. Upande mmoja zimepangwa pikipiki za gia za cc 125 na cc 150, zile zile zinazoonekana katika kila kijiwe cha bodaboda kuanzia Tandika hadi Bunju. Upande wa pili imesimama skuta kubwa, ile ambayo watengenezaji huiita maksi. Ina kioo cha kukinga upepo, siti pana ya watu wawili na taa za kung'aa, na haina gia ya kukanyaga. Muuzaji hana haja ya kusema mengi. Mteja akishaikalia tu, nusu ya biashara imekwisha.

Nusu iliyobaki ndiyo inayokula fedha, na aghalabu huanza kuonekana miezi minane au tisa baadaye, mkopo ukiwa bado haujalipwa.

Skuta kubwa si mashine ya jana. Honda ilitoa CN250 mwaka 1986, Yamaha ikaleta Majesty mwaka 1995, na Suzuki ikafuata na Burgman mwaka 1998. TMAX ya Yamaha, iliyoingia sokoni mwaka 2001 ikiwa na injini ya takriban cc 500, ilipata wateja wengi Italia na Ufaransa miongoni mwa watu wanaokwenda kazini kila siku kwa barabara nzuri. Hizo ni za wenye nafasi zao na hazihusiki na somo hili. Zinazomhusu mfanyabiashara wa hapa ni ndugu zake wadogo wa cc 150 hadi 160, kama vile Honda PCX na Yamaha NMAX, pamoja na zile za Kichina zilizotengenezwa kwa sura hiyo hiyo. Mshindani wao ni pikipiki ya gia ya kawaida, mathalani Bajaj Boxer ya cc 150.

Jambo la kwanza ambalo wanunuzi huuliza ni mafuta, na hilo ndilo linalostahili muda mfupi kuliko yote. Mashine zote mbili za daraja hili huenda kilometa 40 hivi kwa lita zikiendeshwa kwa adabu. Hata ikichukuliwa kwamba moja inakwenda 40 na nyingine 45, na lita moja ni Sh 3,000, mtu anayetembea kilometa 40 kwa siku ataokoa kama Sh 330. Kwa siku 26 za kazi hiyo haifiki Sh 9,000 kwa mwezi. Hapana sababu ya kuamua ununuzi wa mamilioni kwa tofauti hiyo.

MKANDA NA CHENI

Tofauti ya kweli imo ndani ya mashine. Pikipiki ya gia hupeleka nguvu kwenye gurudumu la nyuma kwa cheni iliyo wazi, inayoonekana, inayopakwa oili na kukazwa na mwenyewe kwa spana mbili. Ikichakaa, cheni na sproketi zake hupatikana Kariakoo na katika maduka ya vipuri ya miji mingi ya mikoani, na fundi aliye chini ya mwembe huifunga wakati mteja anakunywa chai.

Skuta haina cheni. Ina mkanda wa mpira unaozunguka juu ya puli mbili zinazotanuka na kubana kadiri mwendo unavyoongezeka. Hiyo ndiyo sababu haihitaji gia. Klachi yake hushika yenyewe injini inapozunguka kwa kasi. Mkanda huu hufungiwa ndani ya kasha na hauonyeshi dalili kwa mtu asiyeuzoea. Kwa skuta za Kijapani za daraja hili, watengenezaji hutaka ubadilishwe kati ya kilometa 20,000 na 25,000, pamoja na kukagua rola zilizomo ndani ya puli ya mbele. Ukikatika njiani, skuta haisogei hata hatua moja.

Hapo ndipo swali la nani anaendesha linapoanza kuwa na maana. Mfanyabiashara anayetoka Mbezi kwenda Kariakoo na kurudi hutembea kama kilometa 40 kwa siku. Kwa siku 26 hizo ni kilometa 1,040 kwa mwezi, na mkanda wa kilometa 25,000 utamfikisha miaka miwili. Dereva wa bodaboda anayezunguka kilometa 100 kwa siku hufanya kilometa 2,600 kwa mwezi. Mkanda ule ule atautafuta kabla ya mwezi wa kumi kwisha. Kwa huyo wa kwanza mkanda ni gharama ya kukumbuka mara moja moja. Kwa wa pili ni sehemu ya matumizi ya kila mwaka, na asipoupata dukani siku hiyo, anapoteza pia mapato ya siku zote za kusubiri.

Betri nayo ina habari yake. Pikipiki ya gia ikikataa kuwaka kwa stata hupigwa kiki, na kiki ikishindikana husukumwa, hutiwa gia ya pili na klachi huachiwa. Skuta kubwa nyingi hazina kiki, na kuisukuma ni kazi bure kwa sababu klachi haishiki mpaka injini iwe tayari inazunguka. Mwenye skuta mwenye busara hubadilisha betri kabla haijafa.

Kuhusu barabara, magurudumu ya skuta hizi ni ya inchi 13 au 14, wakati ya Boxer ni inchi 17. Shimo ambalo gurudumu kubwa hulipita, gurudumu dogo hulitumbukia. Kwenye lami skuta huenda kwa utulivu mkubwa, na breki zake, mara nyingi za diski na nyingine zikiwa na mfumo wa kuzuia gurudumu lisijifunge, ni bora kuliko breki za ngoma za pikipiki nyingi za bei nafuu. Hilo si jambo dogo kwa mtu anayependa kufika nyumbani. Lakini anayemaliza safari yake kwa kilometa mbili za mtaa wa mashimo na matuta ya udongo ataanza kusikia shokapu zikigonga mapema. Masika, kati ya Machi na Mei, huongeza la tatu: maji yakiingia kwenye kasha la mkanda, mkanda huteleza. Mabonde kama la Jangwani si mahali pa kujaribu skuta mvua ikinyesha.

MZIGO

Hapa wanunuzi wengi hudanganywa na jina. Wanaoijua Vespa wanakumbuka sakafu yake bapa mbele ya siti, ambapo mfuko wa mchele au mtungi mdogo wa gesi hukaa vizuri kati ya miguu. Skuta kubwa nyingi hazina sakafu hiyo. Katikati pana mgongo, na katika PCX na NMAX ndani yake limekaa tangi la mafuta. Kinachobaki ni buti la chini ya siti. PCX ya cc 160 ina buti la lita 30 hivi, linalofungwa kwa ufunguo na lisiloingia mvua kirahisi. Hilo linatosha kofia ngumu moja, au doti kadhaa za vitenge, au nyaraka na fedha za mauzo.

Kwa muuza simu, fundi wa kompyuta au wakala anayekusanya fedha, buti hilo ni mali. Kwa muuza mayai halina maana, kwani trei zinahitaji keria ya chuma nyuma ya siti, na keria ya namna hiyo hukaa vizuri zaidi kwenye pikipiki ya gia. Muuza keki pia aangalie, maana buti hukaa juu ya injini na hupata joto.

MTAJI ULIOLALA

Tuseme, kwa mfano tu, pikipiki ya gia mpya inauzwa Sh 3,000,000 na skuta kubwa Sh 7,000,000. Baada ya miaka miwili ya kwanza inauzwa Sh 1,800,000 na ya pili Sh 4,500,000. Pikipiki imemla mwenyewe Sh 1,200,000, yaani Sh 50,000 kwa mwezi. Skuta imemla Sh 2,500,000, yaani Sh 104,000 kwa mwezi. Tofauti ni Sh 54,000. Mtu anaweza kusema kwamba starehe ya miaka miwili inastahili kiasi hicho, naye hatakuwa amekosea sana.

Kosa liko katika kuishia hapo. Aliyenunua skuta ameweka Sh 4,000,000 zaidi juu ya magurudumu mawili. Kama ni mfanyabiashara wa vitenge ambaye mali yake humpa faida halisi ya asilimia 4 kwa mwezi, fedha hizo zingemletea Sh 160,000 kila mwezi zikiwa dukani. Ongeza ile tofauti ya Sh 54,000, na skuta inamgharimu Sh 214,000 kwa mwezi zaidi ya pikipiki. Kwa siku 26 za kazi ni zaidi ya Sh 8,000 kwa siku. Aliyechukua mkopo wa benki au SACCOS ili kujazia tofauti hiyo aweke riba mahali pa faida iliyopotea, na jibu halitakuwa zuri zaidi.

Sasa swali ni je, skuta itamwingizia au kumwokolea Sh 8,000 kwa siku ambazo pikipiki ya gia isingemletea? Kwa wengi jibu ni hapana, kwa kuwa zote mbili zinamfikisha sokoni kwa wakati ule ule. Jibu hubadilika kwa mtu ambaye kamwe hataendesha pikipiki ya gia. Mama mwenye duka ambaye hawezi, au hataki, kuhangaika na klachi kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro, na ambaye kwa sasa analipa bodaboda asubuhi, jioni na kila mteja anapoagiza mzigo, hana sababu ya kulinganisha skuta na pikipiki ambayo hataigusa. Alinganishe skuta na fedha anazolipa kila siku. Zikizidi gharama yote ya skuta kwa siku, pamoja na mafuta na faida ya mtaji uliolala, skuta inaanza kujilipia. Hata hivyo aangalie kwanza skuta ndogo ya sakafu bapa, ambayo kwa kawaida ni nafuu zaidi na hubeba mfuko. Wauzaji hawaitaji sana, labda kwa sababu faida yake kwao ni ndogo.

KUIPELEKA KIJIWENI

Wapo wanaofikiria kununua skuta kubwa na kumpa dereva ailetee hesabu. Ikiwa hesabu ni Sh 10,000 kwa siku 26, mwezi mmoja ni Sh 260,000. Pikipiki ya Sh 3,000,000 inarudisha fedha zake kabla ya mwaka kwisha, na ndiyo maana mikataba mingi ya kumwachia dereva pikipiki huzunguka muda wa mwaka mmoja hivi. Skuta ya Sh 7,000,000 kwa hesabu hiyo hiyo inahitaji miezi 27. Abiria halipi nauli zaidi kwa sababu siti ni laini. Katika miezi 27 hiyo mkanda utakuwa umebadilishwa mara mbili, na mashine imepita mikononi mwa dereva ambaye, kama si yake, hatakuwa na haraka ya kusikiliza mlio usio wa kawaida.

Zanzibar hali ni tofauti, na mwekezaji mdogo aitazame kwa jicho lake. Huko watu wamezoea skuta tangu enzi za Vespa. Barabara kuu za Unguja ni za lami, na kutoka Mji Mkongwe hadi Nungwi ni kama kilometa 60 tu. Mgeni anayekodi chombo kwa siku, tena akiwa na mwenzake nyuma, mara nyingi hajui gia, na kumfundisha nje ya hoteli ni kutafuta ajali. Mgeni huyo hulipia siti na urahisi. Kwa biashara ya kukodisha ya namna hiyo skuta kubwa inaweza kurudisha bei yake. Mwenye chombo ahakikishe mgeni ana kibali cha kuendesha, na bima iwe ni ile inayokubali kukodisha.

Kwa wanaokwenda kutazama skuta iliyotumika, njia ya kuipima si kuiwasha na kusikiliza injini peke yake. Iendeshwe kutoka kusimama kabisa, mtu wa pili akiwa nyuma, kwenye mlima. Ikitetemeka inapoondoka, klachi imechoka. Injini ikipiga kelele huku mwendo hauongezeki, mkanda unateleza. Muuzaji aombwe kufungua kasha la mkanda mbele ya fundi wa mnunuzi, jambo ambalo fundi anayelijua hulimaliza kwa muda mfupi. Akikataa, bei ipunguzwe kwa thamani ya mkanda, rola na klachi vyote kwa pamoja, au mnunuzi aondoke. Kisha itazamwe kadi. Namba ya chesisi isomwe kwenye chuma chenyewe, ilinganishwe na kadi, na jina lililo kwenye kadi liwe la mtu anayepokea fedha.