Kule Mkono wa Mtu Ndio Ghali

Mdogo wetu mmoja wa Morogoro ameniandikia akiwa na furaha na hofu kwa pamoja. Amealikwa kwenye mafunzo ya siku 10 mjini Geneva. Ndege imelipiwa, hoteli imelipiwa, lakini posho ya kula na kutembea ni ndogo, na kila anayemuuliza anamjibu, "Uswisi? Utakufa njaa!"

Mdogo wangu, hutakufa njaa. Mimi nimeishi kule kwa posho ya mwanafunzi, na leo nakupa siri ambayo nilichelewa kuielewa.

Hapa kwetu kitu ndicho ghali, mkono wa mtu ni rahisi. Simu unaidunduliza miezi, lakini boda anakufikisha mlangoni, mama ntilie anakupikia, dobi anakufulia, na msusi anakaa na kichwa chako kutwa nzima. Uswisi ni kinyume chake. Mwaka 2020 jimbo la Geneva lilipitisha kima cha chini cha mshahara cha faranga 23 kwa saa, na tangu hapo kimepanda. Faranga moja inazunguka kwenye shilingi 3,000 zetu. Piga hesabu: saa moja tu ya mhudumu inakaribia shilingi 70,000, hata wali haujainjikwa jikoni. Kwa hiyo kila unapotaka kufungua pochi, jiulize kwanza: hapa nalipia kitu, au nalipia mkono wa mtu?

Tuanze na nywele, maana najua ndizo utakazosahau. Suka kabla hujaondoka, tena msuko wa kudumu. Kusukwa kule ni kulipia mkono wa mtu kwa saa nyingi, na kunaweza kumaliza posho ya siku kadhaa.

Ukitua uwanja wa ndege, achana na teksi. Treni inakufikisha stesheni kuu ya Cornavin kwa dakika saba hivi. Tena wageni wanaolala kwenye hoteli au hosteli za Geneva wanapewa kadi ya bure ya usafiri wa mjini, inayoitwa Geneva Transport Card. Waandikie hotelini kabla ya safari, waulize utaipataje kwenye simu. Kwa kadi hiyo unapanda basi, tramu, treni za ndani ya jimbo na hata vile viboti vya njano na vyekundu vinavyovuka ziwa. Siku zote 10 unaweza usilipe nauli ya mjini hata senti.

Kutoka nje ya Geneva ndiko kunakohitaji akili. Nauli ya kawaida ya kwenda Zürich, daraja la pili, inazunguka kwenye faranga 90 kwa kwenda tu. Lakini kuna tiketi za punguzo za treni maalumu: unachagua treni fulani, saa fulani, unanunua siku nyingi kabla, na bei inaweza kushuka hadi nusu au chini zaidi. Ukiikosa treni hiyo, tiketi yako imekufa, kwa hiyo uwahi. Kama utasafiri mara nyingi, angalia Swiss Half Fare Card, inayokata nauli nusu karibu nchi nzima, au tiketi ya siku nzima inayoitwa Saver Day Pass, ambayo nayo ni rahisi kwa anayeiwahi. Kaa na kalamu kabla ya safari: andika safari zako, jumlisha nauli, kisha linganisha. Kwa safari moja tu ya Lausanne, dakika 40 hivi kutoka Geneva, huhitaji kadi yoyote.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Stesheni za kule hazina geti. Unaingia na kupanda bila kuulizwa, na ndipo wageni wanapoponzeka. Siku moja nilichelewa, nikaruka ndani ya treni, nikakaa, nikatoa simu na kununua tiketi wakati tumeshaanza kwenda. Kondakta alikuja, mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Akaitazama saa iliyoandikwa kwenye tiketi yangu, akatazama saa ya treni kuondoka. Dakika mbili zilikuwa zimepita. Nilijieleza kwa Kifaransa changu cha kuokoteza, akanisikiliza mpaka mwisho, akanipa pole, kisha akaniandikia faini. Karibu faranga 100, chakula changu cha wiki nzima. Tiketi inunuliwe kabla gurudumu halijazunguka. Na usikae daraja la kwanza kwa tiketi ya daraja la pili, hata kama kule kwingine kumejaa.

Chakula nacho kinafuata kanuni ileile. Sahani ya mchana mgahawani ni faranga 20 hadi 30, lakini maduka ya Migros, Coop, Denner, Aldi na Lidl yanauza mkate, mayai, mtindi, ndizi na kuku wa kuchoma kwa bei unayoiweza. Tafuta bidhaa za M-Budget kule Migros na Prix Garantie kule Coop. Jioni, kabla ya kufunga, vyakula vinavyokaribia tarehe ya mwisho hubandikwa punguzo, wakati mwingine nusu bei. Jumapili maduka mengi yanafungwa, yanabaki ya stesheni na uwanja wa ndege, kwa hiyo nunua Jumamosi. Unaweza kutoka nyumbani na majani yako ya chai na viungo, lakini nyama na maziwa usiviweke kabisa kwenye begi, forodha hawaviruhusu. Maji usinunue. Beba chupa yako. Maji ya bomba ni salama, na chemchemi za mitaani zinatiririka usiku na mchana. Zürich peke yake ina zaidi ya 1,200. Ukiona maandishi "eau non potable" au "kein Trinkwasser", hayo usinywe.

Na ukilipa kwa kadi, mashine ikikuuliza ukatwe kwa faranga au kwa pesa ya kwenu, chagua faranga. Hiyo nyingine ina kiwango cha kukuumiza.

Burudani? Panda tramu namba 18 hadi mwisho, utafika CERN, wanakochunguza chembe ndogo kabisa za maumbile. Jengo lao la maonyesho, Science Gateway, lilifunguliwa 2023 na kiingilio ni bure. Chemchemi ya Jet d'Eau inarusha maji mita 140 angani, na kuitazama hakuna anayekudai.

Lililobaki ni la moyoni. Wengi wetu kule hatumalizwi na bei, tunamalizwa na aibu. Tunaona tukitoa mkate begini watu watatudharau, basi tunaingia mgahawani kulinda heshima. Mimi nilifanya hivyo wiki tatu. Kisha mchana mmoja nikapita kando ya ziwa, nikamwona baba mmoja kwenye benchi, suti safi, viatu vinang'aa, kafungua karatasi mapajani: nusu mkate, kipande cha jibini, tofaa moja na kisu kidogo cha kukunja. Anakata, anakula, anatazama maji. Benchi la pili vilevile, la tatu vilevile. Wenye nchi yao, wenye mishahara yao, nao walikuwa wanaukwepa mkono wa mtu. Kesho yake nilikuja na chapati zangu nilizopika usiku, nikakaa benchi la nne.

Basi nenda, mdogo wangu, ukae nawe. Na siku ya kurudi, ingia dukani umchukulie mama chokoleti. Mche mmoja wa gramu 100 unaupata kwa faranga moja au mbili, kwa sababu hicho ni kitu, kimetoka kwenye mashine. Chukua mitano.