Jua Haki Zako: Kumchagua Msafirishaji wa Kifurushi Kinachovuka Mpaka

Kifurushi kilichonunuliwa nje ya Kenya humfikia mkazi wa Magongo, Mombasa, kwa mojawapo ya njia nne: posta, kampuni ya vifurushi yenye leseni, basi la abiria, au wakala anayekusanya mizigo ya watu wengi na kuileta pamoja kwa meli au ndege. Kila njia ina sheria yake, na haki za mwenye mzigo hutegemea njia aliyoichagua. Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza bei ya kilo. Swali hilo lafaa kuja la tatu. La kwanza ni nani atakayewajibika mzigo ukipotea, na la pili ni karatasi gani itakayothibitisha hivyo.

Magongo imezungukwa na mizigo. Bandari ya Kilindini haiko mbali, Uwanja wa Ndege wa Moi uko jirani tu Port Reitz, stesheni ya SGR iko Miritini, na malori ya kontena hupita usiku na mchana. Lakini mama aliyeagiza robota la kanga kutoka Kariakoo, Dar es Salaam, au kijana aliyenunua simu Deira, Dubai, hana wakili wala wakala wa forodha wa kumsemea kama alivyo nao mwenye kontena. Kinga yake ni mkataba alioingia siku alipolipa nauli ya mzigo, na mara nyingi hata hajui kwamba aliingia mkataba.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya inasema kwamba, pasipo makubaliano mengine, muuzaji akishamkabidhi msafirishaji mzigo ili umfikie mnunuzi, huhesabiwa kuwa amemkabidhi mnunuzi mwenyewe. Maana yake ni nzito. Robota likipotea kati ya Dar es Salaam na Mombasa, hasara yaweza kuwa ya mnunuzi, na mwenye duka Kariakoo akawa amemaliza kazi yake. Sheria hiyohiyo inamtaka muuzaji aingie mkataba wa busara na msafirishaji, kwa kuzingatia aina ya bidhaa. Akiukabidhi mzigo wa thamani kwa mtu yeyote tu, bila risiti wala maelezo, mnunuzi ana haki ya kukataa kuhesabiwa kwamba amepokea. Njia nyepesi ya kuepuka mabishano hayo ni ujumbe mmoja wa maandishi kabla ya kulipa, kwamba mzigo ni jukumu la muuzaji hadi ufike Mombasa. Muuzaji akikubali, hata kwa WhatsApp, hayo ndiyo makubaliano mengine yanayotajwa na sheria. Akikataa, mnunuzi amchague msafirishaji mwenyewe na alipe mwenyewe, kwa sababu aliyelipa nauli ndiye mwenye urahisi wa kudai.

Jambo la pili ni leseni. Nchini Kenya, biashara ya kupokea na kusafirisha vifurushi vya watu kwa malipo husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, CA, chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya mwaka 1998. Mamlaka hutoa leseni na kuchapisha orodha ya waliopewa, na yeyote anaweza kuisoma kwenye tovuti yake au kuulizia katika afisi yake ya Mombasa. Mabasi yanayobeba vifurushi kwa malipo hayakusamehewa. Jina la basi kuwa maarufu si leseni, na wala nembo iliyopakwa ukutani si leseni. Faida ya kumtumia aliyesajiliwa haimo katika heshima tu: msimamizi anaweza kumwita ajibu, na ana leseni ya kupoteza.

Kwa mizigo ya Tanzania, basi ndilo hutumika zaidi. Ni la haraka na la bei nafuu, na mara nyingi huingia Mombasa ndani ya siku moja kupitia Horohoro na Lungalunga. Udhaifu wake uko kwenye risiti. Aghalabu ni kikaratasi cha nakala: jina na simu ya mtumaji, jina na simu ya mpokeaji, miji miwili, kiasi kilicholipwa, na mstari mmoja wa maelezo ya mzigo. Mstari huo hujazwa kwa haraka: “boksi 1”. Boksi likipotea, madai huanzia hapo. Mwenye mzigo husema lilikuwa na simu tatu mpya, afisi husema ilipokea boksi. Risiti yenye manufaa huandikwa “boksi 1, simu 3 mpya, thamani TSh 1,500,000”, na mtumaji huipiga picha na kumtumia mpokeaji kabla gari halijaondoka. Karani akikataa kuandika thamani, au akisema thamani ikiandikwa nauli itapanda, amekwisha kueleza kwamba bei ya kwanza haikuwa na dhamana yoyote ndani yake. Nyongeza hiyo mara nyingi inastahili kulipwa.

Nyuma ya risiti, au kwenye bango la afisi, huwa kuna maneno kwamba mzigo husafirishwa kwa hatari ya mwenyewe na kampuni haitawajibika. Wengi wakiyaona hukata tamaa, na kampuni nyingine hutegemea kukata tamaa huko. Maneno hayo hayafuti kila kitu. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamhesabu kila mtoa huduma kuwa ametoa ahadi kwamba huduma yake ni ya ubora unaokubalika, na kifungu cha mkataba kinachojaribu kuifuta ahadi hiyo hakina nguvu. Vilevile, sharti ambalo mteja hakuonyeshwa kabla ya kulipa si sehemu ya mkataba wake. Tena, katika sheria ya kawaida inayofuatwa na mahakama za Kenya, aliyepokea mali ya mwenzake kwa malipo ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakuzembea mali hiyo inapopotea mikononi mwake. Mwenye mzigo akishathibitisha kwamba aliukabidhi na haukufika, ni zamu ya kampuni kueleza ulikwenda wapi. “Hatujui” si jibu la kisheria. Ndiyo maana risiti yenye maelezo kamili ina uzito kuliko hoja nyingi za wakili.

Kuna njia ya tano ambayo haikutajwa mwanzo kwa sababu si njia halali: kumpa dereva au utingo pesa mkononi ili “aupitishe” mzigo bila kuandikwa. Hapa mwenye mzigo hupoteza haki zake zote kwa mpigo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu bidhaa zisizolipiwa ushuru zikamatwe na kutaifishwa, na ni kosa kuwa na bidhaa ambazo mtu anajua, au alipaswa kujua, kwamba hazikulipiwa. Utingo akiuza mzigo huo njiani, mnunuzi hana pa kwenda. Mahakama haimsaidii mtu kutekeleza mkataba wa kukwepa sheria.

Na hofu inayowasukuma watu huko mara nyingi haina msingi. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza kazi tarehe 1 Januari 2005, na bidhaa zilizotengenezwa ndani ya nchi wanachama, zikitimiza kanuni za asili ya bidhaa, huvuka bila ushuru wa forodha. Kwa mizigo midogo upo utaratibu rahisi: mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, wenye bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupata cheti chepesi cha asili kinachotolewa palepale mpakani. Kinachowakwaza wengi ni asili yenyewe. Kanga iliyofumwa Tanzania ni bidhaa ya Jumuiya, ilhali kitenge kilichotengenezwa China na kununuliwa Kariakoo ni bidhaa ya China, hata kama risiti imetoka Dar es Salaam. Hicho cha pili hutozwa ushuru Lungalunga. Pia cheti hakiondoi kodi ya ongezeko la thamani pale inapostahili, wala vibali vya mbegu, mimea na vyakula. Kwa hiyo, kabla ya kulipa nauli, msafirishaji aulizwe ni nani atakayetoa tamko la forodha, kwa jina la nani, na kama nauli imejumlisha kodi. Asiyeweza kujibu maswali hayo matatu hafai kupewa mzigo wa kuvuka mpaka.

Kodi ndiyo mlango mkubwa wa ulaghai. Mtu hupigiwa simu kwamba mzigo “umeshikwa forodha” na atume pesa kwa namba ya mtu binafsi. Malipo ya Mamlaka ya Mapato, KRA, hufanywa kwa namba maalumu ya malipo inayotolewa na mfumo wa KRA, na kila mlipaji ana haki ya kuiona hati ya tamko na risiti yake. Wakala anayedai kodi bila hati hizo asilipwe. Na aliyetaja bei, kisha akaongeza “gharama za bandari” mzigo ulipofika, avunja sheria mara mbili. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza kumtoza mteja ada ambazo hakujulishwa kabla, na Sheria ya Kulinda Watumiaji inakataza bei ya mwisho kuzidi makadirio kwa zaidi ya asilimia 10. Aliyekadiria KSh 6,000 hana haki ya kudai zaidi ya KSh 6,600, isipokuwa mteja mwenyewe ameongeza kazi.

Asiyeridhika na kodi aliyotozwa anaweza kuomba uamuzi huo uangaliwe upya. Ombi huandikwa kwa Kamishna wa Forodha ndani ya siku 30, na hatua inayofuata ni rufaa mbele ya baraza la rufaa za kodi.

Mizigo ya Dubai na China huletwa zaidi na mawakala wa kukusanya. Hapa uchunguzi wa kwanza ni kama wakala ana kampuni iliyosajiliwa Kenya, jambo linaloweza kupekuliwa kwenye eCitizen. Wakala mwenye afisi Guangzhou na namba ya simu tu Mombasa ni vigumu kumshtaki, hata mdai akiwa na haki kamili. Uchunguzi wa pili ni njia. Katika kukokotoa thamani ya forodha, nauli ya meli hujumlishwa kwenye bei ya bidhaa, ilhali kwa mzigo wa ndege nauli haijumlishwi. Kwa kitu chepesi cha bei kubwa, tofauti hiyo hupunguza pengo la gharama kati ya njia hizo mbili.

Usafiri wa ndege wa kimataifa unatawaliwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya, Tanzania, China na Falme za Kiarabu zote ni wanachama. Mkataba huo unamwajibisha msafirishaji, lakini unaweka kikomo cha fidia kwa uzito. Tangu mwisho wa mwaka 2024 kikomo ni vizio 26 vya fedha vya Shirika la Fedha Duniani kwa kila kilo, takriban dola 35. Simu ya gramu 200 basi hufidiwa kama dola 7, hata ingekuwa ya dola 600. Kikomo hicho huondoka mtumaji akitamka thamani ya mzigo wakati wa kuukabidhi na kulipa nyongeza inayotakiwa. Hakuna mstari wenye thamani zaidi kwenye hati ya mzigo wa ndege kuliko huo wa thamani iliyotamkwa, na hakuna unaoachwa wazi mara nyingi zaidi.

Posta ina utaratibu wake. Kenya ni mwanachama wa Umoja wa Posta Duniani tangu mwaka 1964, na kifurushi kinachofuatiliwa hubeba herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi kilikotoka, TZ kwa Tanzania na CN kwa China. Namba isiyo na umbo hilo si ya posta, chochote muuzaji atakachosema. Mtumaji ndiye kwa kawaida huanzisha ulizo la mzigo uliopotea, hivyo muuzaji asiachiliwe mpaka kifurushi kifike.

Muda wa kulalamika ni mfupi kuliko watu wanavyodhani, na mara nyingi huanza kuhesabiwa mzigo ukishapokewa. Kwa ndege, uharibifu uandikiwe msafirishaji ndani ya siku 14 na ucheleweshaji ndani ya siku 21, na kesi ifunguliwe kabla ya miaka 2. Kwa meli, uharibifu usioonekana kwa nje uandikwe ndani ya siku 3, na kesi ndani ya mwaka 1. Ulizo la posta halipokewi baada ya miezi 6 tangu kutumwa. Ndiyo maana kifurushi hufunguliwa kaunta, mbele ya karani, na kasoro huandikwa kwenye nakala ya kampuni kabla ya kutia sahihi.

Lalamiko huanza kwa kampuni yenyewe, kwa maandishi. Lisipojibiwa, hupelekwa CA ikiwa ni huduma ya vifurushi, au Mamlaka ya Ushindani ikiwa ni ada zilizofichwa au maelezo ya uongo. Kwa fidia ya pesa, Mahakama ya Madai Madogo iliyoko Mombasa husikiliza madai yasiyozidi KSh milioni 1. Sheria yake ya mwaka 2016 inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60, Kiswahili hukubaliwa, wakili si lazima, na mahakama haibanwi na kanuni ngumu za ushahidi. Picha ya risiti, ujumbe wa M-Pesa na mazungumzo ya WhatsApp hupokelewa, basi visifutwe kwenye simu hadi mzigo uwe nyumbani na muda wa kulalamika uwe umepita.