JE, BANGI IKIRUHUSIWA UTAKUWA HURU?

Mpendwa kijana, uliyepokea karatasi hii hapa uwanjani, stendi au kule mwaloni! Usiitupe. Isome mpaka mwisho, hata kama hujawahi kukanyaga kanisani. Hatukuandikii ili tukutukane. Tunakuandikia kwa sababu unapendwa.

Kuna ubishi ambao umeingia vijiweni. Sengerema mjini, Nyehunge, visiwani Kome, hata kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga utasikia: "Bangi iruhusiwe bwana! Mbona wenzetu wameruhusu?" Mwingine anajibu, "Haiwezekani!" Hebu tulitazame jambo hili kwa ukweli, kisha tukuulize swali moja ambalo kijiweni haliulizwi.

MJADALA WENYEWE UKOJE?

Ni kweli mambo yamebadilika katika nchi kadhaa. Mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba mtu mzima anayetumia bangi faraghani asihesabiwe mhalifu. Mwaka 2020 Malawi iliruhusu ilimwe kwa ajili ya dawa na viwanda. Kenya, mwaka 2022, George Wajackoyah aligombea urais akiahidi kwamba bangi italipa madeni ya nchi. Hakupata hata kura moja katika kila mia.

Na kwetu? Mwaka 2019, bungeni Dodoma, Jumanne Kishimba, aliyekuwa Mbunge wa Kahama Mjini, alishauri bangi ya dawa iruhusiwe kulimwa. Sheria haikubadilika. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 bado ipo, na kulima bangi kunaweza kukupeleka jela miaka 30. Hesabu mwenyewe: ukiingia una miaka 20, unatoka una 50.

HOJA TATU ZA KIJIWENI

1. "Bangi ni majani tu, na Mungu ndiye aliyeyaumba." Sawa, Mungu aliumba kila mmea (Mwanzo 1:11-12). Lakini mnyaa je? Mnyaa tunaupanda uzio, na Mungu ndiye aliyeuumba. Je, umewahi kumwona mtu akijitia utomvu wake machoni eti kwa sababu ni kazi ya Mungu? Anayefanya hivyo anatafuta upofu. Kila kitu kiliumbwa na mahali pake.

2. "Bangi ni dawa." Hatubishi. Ipo dawa iliyotengenezwa kutokana na mmea huu, na katika nchi kadhaa madaktari huwapa wagonjwa wenye aina kali za kifafa. Lakini dawa hiyo imepimwa, ina kiasi chake na ina daktari wake. Ule msuba uliosokotwa nyuma ya kibanda, nani kaupima? Na wewe unaumwa nini?

3. "Inanipa mzuka wa kazi." Kijana mvuvi anasema akivuta, baridi na woga wa usiku vinaisha. Rafiki, woga umeondoka lakini wimbi bado lipo! Kilevi kilichomo ndani ya bangi hupunguza umakini na kuchelewesha mwili kuitikia hatari. Umeyaona mawimbi ya Ziwa Victoria upepo ukigeuka. Hayamsubiri mtu ambaye kichwa chake kinarudi polepole.

Tena ubongo wa mtu huendelea kukomaa mpaka karibu miaka 25. Anayeanza mapema na kuvuta kila siku anajiweka katika hatari kubwa zaidi ya kuchanganyikiwa akili. Watafiti wanakadiria kwamba katika watu 10 wanaotumia bangi, karibu mmoja hunaswa akashindwa kuacha. Kwa walioanza wakiwa vijana wadogo, ni karibu mmoja katika kila 6. Je, wewe una uhakika gani kwamba siyo huyo mmoja?

SWALI LISILOULIZWA

Sasa lisikie swali lenyewe. Tuseme kesho Bunge linaruhusu. Polisi hawakusumbui tena. Je, utakuwa HURU?

Mtazame dagaa. Usiku anaona taa ya wavuvi inawaka, anaifuata. Hakuna aliyemlazimisha. Anaona taa, haoni wavu. Sasa wavu mwingine ni halali, wenye kibali, na kokoro ni haramu. Je, dagaa aliyenaswa na wavu halali ana nafuu gani kuliko aliyenaswa na kokoro? Wote wataanikwa juani!

Tazama pombe. Bia imeruhusiwa, ina leseni, inalipiwa kodi. Lakini mama anayesubiri hela ya ada mpaka saa sita usiku, mumewe yuko baa, anajua kwamba kilichoruhusiwa na serikali kinaweza kuitawala nyumba kama mfalme katili. Kikulacho ki nguoni mwako. Ndiyo maana Mtume Paulo alifundisha kwamba kuruhusiwa siyo mwisho wa hoja. Yeye hakukubali kutawaliwa na kitu chochote (1 Wakorintho 6:12).

Jipime basi. Je, unaweza kukaa mwezi mzima bila kuvuta? Je, hela ya kwanza ya siku inakwenda wapi? Ukiikosa, unakuwa mkali kwa mama yako? Kama jibu linakuuma, tayari una bwana, na bwana huyo hakuajiriwa na Bunge.

ALIYEVUKA ZIWA KWA AJILI YA MTU MMOJA

Katika Marko 5:1-20 Yesu alipanda chombo, akavuka ziwa. Ng'ambo akakutana na mtu aliyekuwa akiishi makaburini. Watu walishajaribu kumfunga kwa minyororo, akaikata. Wakamwacha azurure, akawa analia usiku na mchana na kujikata kwa mawe. Umeona? KUFUNGWA HAKUKUMPONYA, NA KUACHIWA HAKUKUMPONYA. Yesu alipofika, mtu yule alipata akili timamu, akavaa nguo, akatumwa nyumbani kwa jamaa zake.

Hatusemi kila anayevuta ana pepo. Tunasema hivi: wengine wanataka ufungwe, wengine wanataka uachiwe, lakini Yesu anataka UPONE. Na sisi tuliookoka hatufurahii kijana kuozea gerezani. Yesu mwenyewe alituagiza tuwatembelee wafungwa (Mathayo 25:36). Alikufa msalabani kwa ajili yako, akafufuka, na hajabadilika.

UFANYE NINI LEO?

- Tubu, umpe Yesu maisha yako. Usisubiri ujisafishe kwanza.
- Tupa kete uliyoficha. Siyo kesho, leo!
- Hama kijiwe. Huwezi kukauka huku umesimama mvuani.
- Mwambie mtu mmoja unayemwamini: mama, mjomba, au mchungaji. Siri ndiyo kamba ya Shetani.
- Kama unasikia sauti, hulali, au akili inachanganyika, nenda hospitali. Bugando kuna madaktari wa magonjwa ya akili, na tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefupisha safari ya Mwanza. Kuombewa na kutibiwa havigombani.

SALA YA TOBA

Omba kwa sauti, ukimaanisha:

"Bwana Yesu, nimekuja kwako jinsi nilivyo. Nimetafuta raha mahali ambapo nimepata kifungo. Nisamehe dhambi zangu zote. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Kata kamba iliyonifunga, ingia moyoni mwangu, uwe Bwana wangu kuanzia sasa. Amina."

Kama umeomba sala hii kwa moyo wako wote, Yesu amekupokea. Jioni hii njoo mbele mkutanoni tuombe pamoja, na Jumapili nenda kanisa la wokovu lililo karibu nawe. Hamu ya kuvuta ikirudi, usidhani Mungu amekuacha. Liite Jina la Yesu palepale, kisha mtafute yule mtu uliyemwambia siri yako.

Wabunge wataendelea kujadiliana, na ni kazi yao. Lakini kura ya maisha yako unaipiga wewe. Ipige leo!

UKIMALIZA KUSOMA, MPE RAFIKI YAKO.