Shika Daftari, Pochi Mwachie Mwenyewe

Dalili ya kwanza huwa ndogo. Mwenye duka la jirani anakwambia mama ana deni la miezi miwili, naye mama anaapa alishalipa. Hapo watoto wengi hukimbilia kuchukua kadi ya benki. Pesa zinapona, lakini mama ananuna. Ipo njia isiyomvua mzazi ukubwa wake.

1. Omba kabla ya kushika. Usimwambie amezeeka. Mwulize: "Mama, ukilazwa wiki mbili, nani ajue luku inanunuliwaje na dada wa kazi analipwa lini?" Swali hilo linamwomba akufundishe, wala halimnyang'anyi kitu.

2. Andikeni pamoja. Ukurasa mmoja uwe wa kinachoingia: pensheni, kodi ya vyumba vya uani, mazao, wanachotuma watoto. Wa pili uwe wa kinachotoka: chakula, dawa, umeme, maji, mshahara wa dada, kikoba. Halafu kuna michango ya harusi na rambirambi, ambayo vijana hupenda kuifuta kwanza. Usiifute. Kwa mtu mzima, kwenda msibani mikono mitupu ni aibu kubwa kuliko kulala na njaa. Pangeni kiasi cha mwezi, agawe atakavyo.

3. Linda pensheni. Mstaafu wa mfuko wa PSSSF hutakiwa kuhakikiwa. Asipofanya hivyo, malipo yanaweza kusitishwa. Andika tarehe ya uhakiki kwenye daftari, na hakikisha kitambulisho cha NIDA na kadi ya benki vinakaa mahali mnapopajua wote wawili.

4. Fungeni mlango wa matapeli. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" humnasa mzazi anayesubiri kumtumia mwanawe ada. Wekeni sharti: hatumi kitu kabla hajakupigia na kusikia sauti yako. Namba ya siri asimpe yeyote, hata wakala aliyemzoea. Piga *106# kwenye simu yake mwone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Kama ipo asiyoijua, nendeni kwa mtandao husika ikafutwe.

5. Tafuta ruhusa ya maandishi. Kutoa pesa kwa namba ya siri ya mama ni rahisi, mpaka siku ndugu watakapouliza. Nendeni benki wote wawili mwulize utaratibu wa kumwekea msaidizi kwenye akaunti. Kama kuna nyumba au shamba la kusimamia, mwone wakili awaandalie hati ya uwakilishi. Hayo yafanyike sasa, mzazi akiwa na akili timamu. Akishapoteza kumbukumbu, sahihi yake itatiliwa shaka. Na pesa zake zisiingie kwenye akaunti yako hata kwa siku moja.

6. Waonyeshe ndugu. Kila mwisho wa mwezi piga picha ukurasa wa daftari na risiti, tuma kwenye kundi la familia. Anayetunza mzazi ndiye hushukiwa kwanza, na maneno ya mdomo hayamtetei.

Lakini kabla ya kutuma, msomee mama hesabu yote. Akikukatiza, "Sukari gani hiyo ya bei hiyo? Umepigwa!", usikasirike. Futa, uliza bei upya. Bosi bado yuko kazini.