SOMO LA KIKUNDI: SIMU IKIPOTEZA NETIWAKI WAKATI WA MAFURIKO



Mto Tana unaweza kutujazia maji hapa Bura huku jua linawaka. Mvua hunyesha milimani, mabwawa ya Masinga na Kiambere hujaa, maji hupita Garissa, hutufikia sisi, kisha Hola na Garsen. Mto ulifurika 2018 na tena 2024. Habari ya kutoka juu ikifika mapema, tunawahi kuhamisha watoto, wazee na mifugo. Basi simu ikikatika siku hiyo si jambo dogo.

Wengi wetu hubonyeza ovyo ovyo mpaka chaji inaisha. Afadhali kufuata utaratibu, jambo moja moja.

1. Linganisheni. Jirani mwenye laini ya kampuni ile ile ana netiwaki? Akiwa nayo, shida ni simu yenu. Akikosa, jaribuni laini ya kampuni nyingine. Ikishika, tumieni hiyo. Zote zikikosa, shida ni mahali mlipo au minara yenyewe.

2. Shida ni simu? Angalieni chaji na salio. Izimeni, muiwashe. Bado? Toeni laini, muipanguse kwa kitambaa kikavu, muirudishe.

3. Shida ni mahali? Tokeni ndani ya nyumba ya mabati, maana bati huzuia mawimbi. Nendeni peupe, palipoinuka.

4. Shida ni mnara? Watu wengi wakipiga pamoja, mnara hulemewa. Tumeni ujumbe mfupi; mara nyingi hupita hata sauti ikikataa. Kama mnara umezimika kabisa, zimeni simu, muiwashe kila baada ya saa moja. Simu inayotafuta netiwaki hula betri haraka.

La muhimu zaidi: kimya si salama. Kubaliana na mtu wa kijiji cha juu atume ujumbe asubuhi na jioni wakati wa mvua, hata kama hakuna jipya. Saa ikipita bila ujumbe, mtu aende kuangalia mto, asivuke maji, na msikiti na kanisa watangaze watu wajiandae.

Maswali ya kujadili:
- Nani kati yetu ana laini za kampuni mbili?
- Netiwaki hushika vizuri wapi kijijini? Mkajaribu wiki hii.
- Ujumbe usipofika, nani ataenda mtoni, na nani atabaki na wazee?