Masalio ya Chachu na Mikate Midogo ya Asubuhi

Wasomaji wetu wa Kapalamsenga, na wa upande wote ule wa ziwa Tanganyika katika mkoa wa Katavi, leo twapenda kuwaeleza habari ya kitu kimwagwacho bure katika nyumba zipikazo mikate, nacho ni masalio ya chachu. Mara nyingi humwagwa asubuhi ile ile watoto waendapo shule kwa chai tupu.

Watu wa pwani tangu zamani wametia tembo la mnazi katika unga ili uumuke. Sisi tulio mbali na minazi twaweza kuchanganya unga wa ngano na maji kiasi sawa katika chungu safi, tukakifunika kwa kitambaa, na kila siku tukaongeza unga na maji. Baada ya juma moja hivi hutoa povu na harufu kama ya maziwa mgando. Louis Pasteur wa Ufaransa alionyesha mwaka 1857 kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe hai vidogo mno. Vingine hula sukari ya unga na kutoa hewa iinuayo mkate. Vingine huleta uchachu. Vyote vyataka chakula kipya, na mwenye kuongeza kila siku bila kupunguza ataona chungu kimefurika. Ndiyo sababu nusu hutolewa. Nusu hiyo haina nguvu ya kuumua mkate mkubwa, walakini uchachu wake ungalipo, nao ndio tuutakao.

Twaa kikombe kimoja cha masalio hayo. Ponda ndizi moja mbivu, tia yai moja, robo kikombe ya mafuta, asali theluthi ya kikombe (na asali ya Katavi yatosha sifa), na chumvi kidogo. Kisha changanya kikombe kimoja cha unga wa ngano na nusu ya kijiko cha chai cha bikabonati ya soda, uutie mwishoni na kukoroga kidogo tu. Uchachu ukikutana na soda hutoa hewa mara moja, basi usikawie: mimina katika vikombe vya bati vilivyopakwa mafuta, hata nusu yake. Asiye na tanuri aweke vikombe juu ya mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa iliyokwisha kupata moto, afunike, na kutia makaa juu ya kifuniko na machache chini. Baada ya dakika 25 hivi achome kwa kijiti. Kikitoka kikavu, mikate imeiva.

Sisi mara ya kwanza tulizidisha soda, tukidhani mikate itakuwa mikubwa zaidi. Ilitoka na rangi ya kahawia na ladha ya sabuni, hata kuku waliikataa. Wala msitumie magadi ya mawe yapikiwayo maharagwe, maana ni makali, na kipimo chake hakijulikani.

Sasa neno la hatari. Maji ya kijivu juu ya chachu si kitu. Yakorogwe au yamwagwe. Lakini mkiona manyoya, au madoa ya waridi, ya kijani au meusi, tupeni yote pamoja na masalio, mkaoshe chungu kwa maji ya moto. Msikwangue juu na kupika yaliyo chini. Na mwenye kutaka kuchanganya unga wa mahindi asitumie mahindi yaliyoota kuvu: mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi, na sumu hiyo haiondoki kwa moto wa jikoni.

Mwenye safari apake chachu nyembamba juu ya kitambaa safi, aianike kivulini hata ikauke kabisa, aivunjevunje na kuiweka katika chupa kavu. Akirudi aloweke kijiko kimoja kwa maji vuguvugu na unga. Kwa siku mbili tatu povu litaonekana tena.